Mizani ya Duka la Valji

Ingali inaning'inia kwenye boriti ya mkoko,
sahani moja ya shaba, ya pili bati,
maana shaba yake iliuzwa mwaka wa njaa.
Upande wa bati nimeufunga nati mbili
na senti kumi ya tundu, ya mkoloni,
hata ulimi wake ukasimama wima.
Hiyo ndiyo kazi pekee iliyoisalia ile senti
hapa Pangani.

Kwanza ilipima pembe. Hayo sikuyaona,
nayasoma daftarini, kurasa zilizotobolewa na mchwa
pale pale penye bei.
Frasila tatu. Frasila saba na ratili nane.
Pembe zina safu yake;
waliozibeba nao wana yao, bila majina,
idadi tu, chini kidogo ya chumvi,
kwa mwandiko mzuri ajabu, herufi zimeinama
utadhani zinasali.
Nikifika hapo nafunga, nainjika chai.
Chai ikichemka nafungua tena.
Duka ni langu, na daftari ni la duka.

Ikaja mbata.
Mbata mbichi ina maji, na maji yana uzito;
basi mkulima akaleta maji,
Valji akaweka kidole gumba,
wakapunjana kwa heshima miaka thelathini,
wakizikana, wakialikana harusini.

Ukaja mkonge, mji ukanenepa.
Jumamosi ya posho manamba walivuka mto kutoka Mwera,
kipande mfukoni, vidole vimechanjwa na miiba,
wakanunua sukari robo, dagaa, tumbaku,
na kioo kidogo cha kuhakiki kama ungali wewe.

Nailoni haikuja kwa vita.
Ilikuja imefunga furushi la mitumba;
baba akaikata, akanipa.
Niliruka nayo barazani, moja, mbili, hadi mia,
kamba ya buluu, nyepesi, isiyooza,
na kila nilipotua
shamba moja lilikuwa linafunga ofisi.
Sikujua. Nilikuwa hodari sana wa kuruka.

Mto nao ukatapika mchanga mlangoni.
Meli zikapita mbali zikielekea Tanga,
tukabaki na boma, kivuko,
na mazoea ya kuanza kila neno kwa "zamani hapa".
Valji alipoondoka alimwachia baba funguo,
mizani, na kitabu cha madeni.
Bibi yangu yumo: doti mbili za kanga,
shilingi kumi na nne, hazijafutwa.
Kila Idi natoa shilingi kumi na nne,
nazipokea mwenyewe,
naandika risiti.

Siku hizi ni mwani.
Tajiri ana mizani ya betri, inasema kumi na moja.
Kina Mwanahija hupitia kwangu kwanza, magunia kichwani,
chumvi imewakaukia mikononi kama unga,
na chuma hiki kizee husema kumi na mbili u nusu.
Hawagombi. Wanaandika kiganjani kwa kalamu,
wanakwenda gatini
wamefumba ngumi.

Jana, katika vumbi la barabara inayotiwa lami,
alishuka kijana wa miwani, akagonga ukuta wa matumbawe,
akasikiliza, akauliza bei ya nyumba.
Vyumba sita vya wageni, alisema,
na hii mizani tutaing'arisha, ipendeze mapokezi.
Shati lake lilinukia sabuni. Si mtu mbaya.
Nikaivuta sahani ya bati mbele yake.
"Weka kwanza mkono," nilimwambia, "tuone
bei yako ina maji kiasi gani."